Tambiko la Kabogo Lisomwe Kuanzia Sokoni

Mwaka 1872 Henry Morton Stanley alitoa kitabu cha safari yake ya kumtafuta Livingstone, na ndani yake mna habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita mbio kwa sababu wana haraka ya kufika naye Ujiji. Msafara ulikuwa bado uko Uha, Novemba 1871, pakasikika mngurumo wa mbali kama wa radi. Stanley alipouliza aliambiwa hiyo ni Kabogo, mlima ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wenye mapango makubwa ambamo maji huingia kwa kishindo. Mitumbwi mingi imepotelea hapo, wakamwambia, na kila apitaye, awe Mwarabu au mwenyeji, hutupa majini kitambaa cha merikani na shanga, hasa shanga nyeupe, kumtuliza mulungu wa ziwa. Anayetupa kwa kawaida hupita salama. Asiyetupa huingiwa na hofu, akazama. Stanley akayaandika hayo, akaendelea na safari yake.

Nataka leo tukae na shanga hizo zilizozama, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo wanaanthropolojia wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia moja: mtu akifanya jambo ambalo halina faida ya kuonekana kwa macho, akatupa mali majini, akalala chini ya mti kutwa nzima, akafunga kitambaa cheupe kwenye tawi, sisi tunaotazama tutajuaje maana yake? Tumuulize mwenyewe? Tumsikilize mtaalamu? Au tukubali kwamba kila mtu na tafsiri yake, basi yaishe? Jibu nitakalolitetea ni moja. Kitu kinachotumika katika tambiko huja na maana yake kutoka katika maisha ya kila siku, kutoka shambani, jikoni, sokoni, barazani kwa mtawala, na tafsiri isiyopita huko kwanza ni kubahatisha, hata kama aliyeitoa ni profesa, na hata kama aliyeitoa ni mzee wa ukoo. Tambiko la Kabogo lisomwe kuanzia sokoni, ndipo tuende majini.

Njia ya mkato ya kwanza ni kusema walikuwa wanaogopa. Hii si njia ya wajinga. Bronisław Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona jambo la kuvutia sana: wavuvi wale walipovua ndani ya wangwa, mahali palipotulia na samaki wa uhakika, hawakufanya uganga wowote, lakini walipotoka kwenda bahari kuu, penye hatari na kubahatisha, uganga ulikuwa mwingi. Akahitimisha kwamba tambiko huziba pengo ambalo ujuzi wa mtu hauwezi kuliziba, na humpa moyo wa kufanya kazi yake bila kutetemeka. Ukiipeleka hoja hiyo Kabogo inakaa vizuri. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu kuliko pote, upepo wake hubadilika ghafla, na mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja haukuwa na cha kujitetea mbele ya mawimbi. Lakini mwaka 1939 mwanaanthropolojia mwingine, Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, aliigeuza hoja hiyo juu chini: akasema huenda hofu haileti tambiko, bali tambiko ndilo linaloleta hofu, kwa maana mtu asiyefundishwa kwamba mahali fulani panatakiwa kafara hawezi kuogopa kwa kutoitoa. Angalieni sasa maneno aliyoambiwa Stanley. Asiyetupa shanga huingiwa na hofu kisha akazama. Watu wa msafara walikuwa wameshauona utata huo wenyewe, miaka mingi kabla maprofesa hawajabishana juu yake.

Hata hivyo wote wawili, Malinowski na mpinzani wake, wanatueleza kwa nini tambiko lifanyike pale na si kwingine. Hawatuelezi kwa nini zitupwe shanga. Kwa nini si unga? Kwa nini si kuku, au pombe, ambavyo vilikuwa karibu zaidi na mkono wa mpiga kasia? Hapo ndipo hofu inapoishiwa maneno, na hapo ndipo tunapolazimika kuteremka sokoni Ujiji.

Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Ujiji Februari 1874, na ametuachia picha ya soko hilo ambayo ingefaa ifundishwe katika kila shule ya mkoa huu wa Kigoma. Fedha ya soko ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, ndefundefu, zinazofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko linapofunguliwa walikuja watu na mifuko yao ya sofi, wakawabadilishia wale waliotaka kununua. Soko linapofungwa walizinunua tena sofi zilezile kutoka kwa wauzaji, wakapata faida kwenda na kurudi. Kwa lugha ya leo, walikuwa na duka la kubadilishia fedha. Bidhaa za nchi na za ziwa, za kula na za kuvaa, zilipita katika shanga. Merikani nayo, ile nguo ya pamba iliyotoka viwanda vya Marekani kwa njia ya Unguja, ilikuwa fedha kubwa ya njia nzima ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka hapa. Kwa hiyo shanga na merikani zilikuwa ndiyo mali yenyewe ambayo kila mtu wa pwani na wa bara aliihesabu. Zilikuwa na thamani leo na kesho, na aliyezitupa majini alikuwa anatupa fedha.

Na fedha hizo zilikuwa na kazi nyingine inayojulikana na kila msafiri: kulipa hongo. Neno hili leo linanuka rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru unaolipwa hadharani kwa mtawala wa nchi unayoipita. Stanley huyohuyo, siku hizohizo za Novemba 1871, alikuwa amekwama Uha mbele ya mtware mmoja, yaani chifu, jina lake Mionvu, akidaiwa doti 100 za nguo, akapatana naye kwa 75. Alipoambiwa kwamba mbele yake wako wengine wanaomngojea kwa madai kama hayo, aliutoa msafara usiku, nje ya njia kuu, ili asilipe tena. Kurasa chache baadaye ndipo anaposimulia Kabogo. Habari hizi mbili ziko karibu kabisa katika kitabu chake, moja anailaumu kama unyang'anyi, nyingine anaiweka upande wa imani za ajabu, na hakuna mahali anapoziweka pamoja. Ziwekeni pamoja, wasikilizaji, muone. Mali ni ileile, nguo na shanga. Tendo ni lilelile, kutoa mali kwa mwenye mahali ili akuachie njia. Tishio nalo ni lilelile, kwamba asiyetoa hatafika. Mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa amelipa hongo Ugogo, akalipa Uha, akaingia mtumbwini akakuta wenyeji wanatupa shanga Kabogo, hakuhitaji kuelezwa sana. Alikuwa amekutana na mtawala mwingine ambaye hana baraza la kukaa, na mkono wake ulijua la kufanya.

Nikiishia hapo nitakuwa nimesoma nusu tu, nusu ya mgeni. Wajiji hawakujifunza kuheshimu mwenye mahali kutoka kwa misafara. Buha, ndiyo Uha ya Stanley, kwa muda mrefu ilikuwa na watu walioitwa bateko. Mwami, yaani mfalme, na watware wake walitawala watu na ng'ombe, lakini mteko ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ardhi yenyewe na nguvu zisizoonekana zilizomo ndani yake. Aliyetaka kufungua shamba jipya alipitia kwake, na mambo yalipoharibika katika ardhi, mvua au mazao, yeye ndiye aliyetazamwa. J. H. Scherer aliyeandika juu ya Waha miaka ya 1950, na mwanahistoria Michele Wagner aliyeandika juu ya mazingira na historia ya Buha katika kitabu cha Custodians of the Land cha mwaka 1996, wote wanatuonyesha kwamba huwezi kuielewa nchi hii kwa kumtazama mwami peke yake. Kwa Mjiji basi, ziwa lenye mwenyewe halikuwa jambo la ajabu hata kidogo, kwa sababu hata bonde lina mwenyewe na kilima kina mwenyewe, na mtu haingii mahali pa watu bila kupiga hodi. Tendo moja la kutupa shanga lilikuwa linasomwa kwa namna mbili ndani ya mtumbwi mmoja: mgeni aliona hongo, mwenyeji aliona haki ya mwenye mahali, na wote wawili walikuwa wamesoma sawasawa kwa maisha waliyotoka nayo. Hii ndiyo sababu desturi ile iliweza kuwaunganisha watu ambao dini zao, lugha zao na makabila yao yalikuwa mbalimbali.

Huu si ujanja nilioubuni kwa ajili ya Kabogo tu. Anayejulikana zaidi kwa kazi ya namna hii ni Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa Mwinilunga, kaskazini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Zambia, kati ya 1950 na 1954. Wandembu walimweka msichana anayebalehe chini ya mti wa mudyi, amefunikwa blanketi, asitikisike tangu asubuhi mpaka jioni. Mti huo ukiukwaruza hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Turner aliwauliza wanawake maana yake, nao wakamjibu bila kusita: ni maziwa ya mama, ni ukoo wa kike ambao sisi sote tumetokana nao, ni umoja wetu Wandembu. Mtafiti mvivu angefunga daftari hapo. Turner akaendelea kutazama, akaona yasiyosemwa. Chini ya mti huohuo wa umoja, wanawake waliwatania wanaume kwa ukali. Mama mzazi wa msichana alizuiwa kujiunga na mduara wa wanaocheza kumzunguka mwanawe. Kisha akaja na kijiko cha chakula, wanawake wakagombea nani akishike, na kama aliyekipata hakutoka kijiji cha mama, ikachukuliwa kuwa dalili kwamba mtoto ataishi mbali naye. Mti unaosemwa kuwa ni umoja wa mama na mwana ndio mahali mama na mwana wanapotenganishwa. Turner aliweza kuliona hilo kwa sababu alikuwa ameshatumia miezi mingi akiandika ugomvi wa kawaida wa vijiji vya Wandembu, ambako ukoo hufuata mama lakini mke huenda kuishi kwa mume, na kila ndoa huzaa mvutano wa nani atabaki na watoto. Maana ya mudyi ilikuwa nje ya tambiko, katika kugombania watoto.

Sasa nakuja kwenye mapingamizi, nayo ni mazito. La kwanza ni la wenyeji wenyewe, nalo husikika kila anapofika mtafiti na daftari: hakuna maana yoyote, hii ni mila tu, tumewakuta wazee wakifanya. Mfaransa Dan Sperber, aliyefanya utafiti kwa Wadorze wa kusini mwa Ethiopia miaka ya 1970, aliichukua kauli hiyo kwa uzito kuliko wenzake. Wadorze walimwambia kwamba chui ni mnyama Mkristo, kwa hiyo hufunga Jumatano na Ijumaa kama kanisa la Orthodoksi linavyoagiza. Lakini Jumatano na Ijumaa mchungaji hakuwaacha mbuzi wake bila ulinzi. Sperber akasema basi tuache kudhani kwamba kila alama ni fumbo lenye jibu lililofichwa mahali, kwa maana wanaolitumia hawana jibu hilo na wala hawalitafuti. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli hakuna kamusi ya siri ambayo wazee wanatunyima. Lakini kauli ya "ni mila tu" haimaanishi kwamba tendo halina mpangilio. Chukueni salamu ya Kiha, ile yenye makofi ya taratibu na kuinama, ambayo bado inaonekana hapa Mwandiga penye njia panda ya kwenda Manyovu. Ukimuuliza mtu maana ya makofi atakuambia ndivyo tunavyosalimiana, na ni jibu la kweli. Ila tazama anayeanza kupiga na anayepokea, tazama anayeruhusiwa kuyafupisha, tazama yanavyotoweka mtu anaposalimiana na dereva wa bajaji na yanavyorudi mara mkwe anapotokea. Hakuna aliyefundishwa kuyaeleza hayo kwa maneno, na hakuna anayekosea.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, kwa sababu wanaolisema wanatetea kitu cha thamani. Wanasema: ukilinganisha tambiko na hongo umeivua dini nguo yake, umemgeuza mulungu kuwa mtoza ushuru. Na upande mwingine Mwislamu wa Ujiji, mji ambao uislamu wake una mizizi mirefu, atauliza: inawezekanaje Waarabu na waungwana wa pwani watupie shanga kitu kisicho Mungu? Nadhani jibu la wote wawili ni moja. Hongo yenyewe haikuwa biashara tupu. Aliyelipa alikuwa anakiri mbele za watu kwamba nchi hii ina mwenyewe na mimi siye. Roy Rappaport, Mmarekani aliyeandika kitabu kikubwa juu ya dini na ibada kilichotoka mwaka 1999, alisisitiza kwamba kushiriki tendo la ibada ni kukubali hadharani utaratibu fulani, na kukubali huko si sawa na imani ya moyoni. Mfanyabiashara aliyetupa kipande cha merikani huenda moyoni alikuwa anamwomba Mola wake peke yake. Mbele ya wapiga kasia wake alikuwa amekiri kwamba yuko katika maji ya watu wenye taratibu zao. Yote mawili yaliweza kukaa pamoja, na hayampunguzii mtu dini yake wala hayamfanyi mulungu wa ziwa kuwa karani.

Lakini liko jambo moja ambalo soko haliwezi kulieleza, nami sitalificha. Ni weupe. Merikani ilikuwa ya rangi hafifu iliyokaribia nyeupe kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo weupe wake hauthibitishi chochote. Shanga zilikuja kwa rangi nyingi, na bado Stanley aliambiwa nyeupe hasa. Kama ingekuwa ni malipo tu, shanga yoyote inayopokelewa sokoni ingetosha. Hapa tunalazimika kukumbuka kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki nyeupe, nyekundu na nyeusi ndizo rangi za uganga na matambiko, na Turner aliandika kwamba rangi hizo tatu zimefungamana na mwili wa mtu, maziwa na damu na uchafu wake. Mimi naona alikwenda mbali alipotaka kuifanya kanuni ya binadamu wote. Ila kwa Kabogo weupe unatuambia kwamba aliyetupa alichagua. Alitoa fedha, na katika fedha akachagua ile inayofaa kutuliza. Huo ndio uzuri wa kuanzia sokoni: ukishajua soko linaeleza nini, unaona wazi kinachobaki, na kinachobaki hukionea haya wala hukizushii.

Kipimo hikihiki kinatulinda na kosa la upande wa pili, la kuona alama kila mahali. Mgeni akikaa mialoni Kibirizi au Katonga ataona kwamba zinapofika siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, nyavu zinatengenezwa, watu wanapumzika, na mwezi ukishafifia kazi inarudi. Msomi mwenye haraka anaweza kuandika sura nzima juu ya mwiko wa mwezi, mwezi na uke, mwezi na uzazi wa ziwa. Ukweli uko kwenye taa. Dagaa huvutwa na mwanga wa taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, samaki hawakusanyiki, na mafuta au betri zinapotea bure. Kwa kuifuata taa katika kazi yake ya kila usiku tunajua kwamba hapa hakuna tambiko. Tafsiri inayoweza kuelekeza kidole na kusema hapa hakuna kitu ndiyo ninayoiamini inaposema hapa kipo. Ile inayopata maana kila mahali haiwezi kamwe kuonekana imekosea, na kwa sababu hiyohiyo haitufundishi lolote.

Lipo pingamizi la tatu ambalo hapa kwetu ndilo lenye uchungu kuliko yote: hao wageni ni nani hata watufasirie? Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilimwajiri Hans Cory, mzaliwa wa Austria, kuwa mwanasosholojia wake, naye akakusanya sheria za kimila za Wahaya na Wasukuma ili mabwana shauri wajue kutawala. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyesomea anthropolojia Oxford, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wasomi wa Magharibi, na Waafrika waliowafuata, walikuwa wameivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ipate kukubalika. Shutuma hiyo ni ya haki, na mtu anayeipuuza hafai kushika kalamu. Lakini uzalendo peke yake hautufikishi. Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa Malinowski, akaandika juu ya Wakikuyu wake mwenyewe mwaka 1938, akaitetea tohara ya wasichana kuwa ni nguzo ya jamii nzima. Miaka tisa tu kabla ya hapo, mwaka 1929, suala hilohilo lilikuwa limewagawanya Wakikuyu wenyewe, kanisa kwa kanisa na shule kwa shule. Mwenyeji alikuwa amechagua sauti moja kati ya sauti za nyumbani kwake akaiita sauti ya wote. Na Ujiji ilikuwa na mwami na mteko, mfanyabiashara na mtumwa, Mjiji na Mmanyema aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa kwa nguvu. Tusidhani hao wote walikuwa na Kabogo moja.

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi ya Sheryl McCurdy, ambaye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia ya mwaka 2000 ilifuata vyama vya Wamanyema katika mji wa Kigoma, uzazi wao na tiba zao, kutoka 1850 mpaka 1993. Ngoma ya wanawake wa vyama hivyo ukiitazama kwa saa moja unaona kanga na kuimba. Ukiiweka ndani ya historia ya watu waliong'olewa kwao, waliopoteza ndugu njiani, na ambao kupata mtoto kwao kulikuwa ni kuanza ukoo upya katika nchi ya ugenini, unaanza kuelewa kwa nini wanawake wale walitumia muda wao na fedha zao kwa ajili ya tiba ya uzazi. Maana haikutolewa na mgeni wala na mwenyeji. Ilitolewa na miaka 143 ya maisha iliyosomwa kwa subira, na mwingine yeyote anaweza kuirudia njia hiyo akasema hapa umekosea.

Tena kipimo hiki kiwe cha wote. Pale Ujiji kuna ukumbusho mahali inaposemwa Stanley na Livingstone walikutana chini ya mwembe, na wageni kutoka mbali huja, husimama, hupigwa picha na kuirudia ile salamu maarufu ya Stanley. Hilo ni tambiko kamili. Lina mahali pake, lina maneno yake, lina mali inayotolewa mlangoni, na haliathiriwi hata kidogo na swali kama jambo lenyewe lilitokea vile: Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007, alieleza kwamba kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zimechanwa, na akaona huenda maneno yale yalibuniwa baadaye. Hakuna anayewaita wageni hao washirikina, na si haki kuwaita hivyo. Ila mtafiti akienda pale kwa maswali tuliyoyapeleka Kabogo, la kwanza litakuwa kwa nini salamu inayorudiwa na wageni ni ya Stanley kwa Livingstone, wakati kwa maelezo ya Stanley mwenyewe aliyemsalimu wa kwanza alipoingia Ujiji, tena kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone.